Mchanga mweupe wa Vumawimbi unaweza kuwa kioo?

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha vijana wa Makangale, Pemba. Mchanga wa pwani yetu, khasa Vumawimbi, ni mweupe sana. Mgeni mmoja alituambia kioo hutengenezwa kwa mchanga na kwamba tumekalia mali bila ya kujua. Tunataka kuomba mkopo tununue tanuri dogo. Je, mchanga huu unafaa? Na kama haufai, mbona huko Tumbe na Chwaka watu wakilima huokota shanga za kioo za zamani? Wazee wetu hawakuzitengeneza hapa hapa?

JIBU: Waalaykum salaam, vijana wangu. Mkopo wa kugeuza mchanga huo kuwa kioo msiuchukue. Naanza na hilo kwa sababu wengine huenda wakaishia kusoma hapa, na deni halingoji mtu amalize kusoma. Mchanga wa Vumawimbi hautoi kioo hata mkipata tanuri la bei mbaya kuliko yote. Haja yenu ya kazi ya kioo, hata hivyo, ina njia nyingine, na nitaifikia.

Kioo cha kawaida, cha dirisha au cha chupa, ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Asilimia 70 hadi 74 ni silika, ambayo viwanda huipata kwenye mchanga wa kwatzi, yaani chembe ngumu ambazo ni silika yenyewe. Asilimia 13 hadi 15 ni soda, inayotokana na magadi. Asilimia 10 hivi ni chokaa. Silika ndiyo mwili wa kioo, lakini peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700 za Selsiasi. Soda huishusha mpaka mahali tanuri linapoweza kufika. Ila silika na soda bila ya kitu cha tatu hutoa kioo kinacholainika na kuyeyuka majini, kwa hiyo huongezwa chokaa ili kikaze na kistahimili maji.

Sasa tuutazame mchanga wenu. Umetokana na matumbawe, kombe na miani yenye chokaa, vitu ambavyo mawimbi yamevisaga miaka na miaka. Sehemu yake nzuri imepita tumboni mwa pono, samaki anayetafuna tumbawe na kulitoa likiwa unga. Kwa hiyo huo mchanga karibu wote ni chokaa mbichi. Mkiutia motoni, ukikaribia nyuzi 900 utatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa ya kujengea, kama ile waliyochoma wazee kwenye matanuri ya miti na mawe ya matumbawe wakajengea Mji Mkongwe. Mkizidisha moto hautayeyuka, kwani chokaa tupu hukaa ngumu hata kwenye nyuzi 2,500, na hakuna tanuri la kioo linalofika huko.

Kwa nini Pemba ikose mchanga wa kwatzi ufukweni wakati pwani ya bara unao? Mito kama Pangani huchukua chembe za kwatzi kutoka kwenye miamba ya bara na kuzimwaga baharini. Baina ya bara na Pemba kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na chembe hizo huzama humo kabla ya kutufikia. Kwenye fukwe zenu bahari haina cha kusaga isipokuwa ilichokizaa yenyewe.

Msiniamini kwa maneno tu. Chukueni kijiko cha mchanga wa Vumawimbi, mkisuuze kwa maji baridi kutoa chumvi, mkiweke kwenye gilasi na kumimina siki nyeupe. Mtaona mapovu yanapanda, nayo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye chokaa. Badilisheni siki kila inapotulia, kwa siku kadhaa, mpaka mapovu yakome kabisa. Kitakachobaki chini ndicho kisichokuwa chokaa, na kitakuwa kidogo mno. Kisha rudieni jaribio kwa mchanga wa kujengea unaochimbwa mashimoni ndani ya kisiwa, mbali na ufukwe. Huo hautatoa mapovu mengi, kwani vilima vya Pemba ni mchanga na udongo wa kale wenye kwatzi ndani yake. Kumbe mchanga ulio karibu na kioo ni ule mwekundu mnaoupita kila siku! Lakini wekundu wake ni chuma, na chuma hukitia kioo rangi ya kijani au hudhurungi. Kiwanda cha chupa nyeupe hutaka oksidi ya chuma isizidi kiasi cha asilimia 0.03, na chembe za mchanga ziwe baina ya nusu milimita na moja ya kumi ya milimita. Kuosha mchanga wetu mwekundu hadi ufike hapo kunahitaji maji matamu mengi na mitambo. Mimi nisingelitia fedha yangu huko.

Suala la chokaa lina historia yake, na naipenda kuisimulia kwa sababu inajibu swali lenu kuliko hesabu yoyote. Watu wa Mesopotamia (Iraki ya leo), Shamu na Misri walikuwa wakitengeneza kioo yapata miaka 3,500 iliyopita. Baadaye, enzi za Warumi, mchanga uliosifiwa kuliko mwingine ulitoka mdomo wa mto Belus, karibu na Akka, pwani ya Palestina. Mafundi waliuchanganya na magadi ya Wadi Natrun, Misri, wakapata kioo kizuri, wala hawakuongeza chokaa. Siri ilikuwemo ndani ya mchanga wenyewe: ni kwatzi iliyochanganyika na vipande vya kombe kwa kiasi kinachokaribia kile ambacho kioo kinahitaji. Bahari iliwapimia bila ya wao kujua.

Siku kipimo kilipozidi, yalitokea yale ya Bet She'arim, kusini mashariki ya Akka. Huko kuna pango ambamo limelala bamba moja la kioo la karibu tani 9, lililoyeyushwa mwanzoni mwa enzi za Kiislamu na kuachwa pale pale. Wataalamu walipolipima walikuta chokaa imefika asilimia 16 hivi. Kwa ziada hiyo tu, kioo kilianza kuganda kwa chembe chembe kama jiwe, kikapoteza uangavu, na jasho la watu wengi na kuni zisizohesabika vikapotea. Asilimia 16 ililiharibu bamba la tani 9, na chokaa ya mchanga wenu inakaribia 100.

Katika historia hiyo kulikuwa na kazi mbili, na hapa ndipo nataka mkae na mimi. Kazi ya kwanza ni kutoa kioo kutoka kwenye mchanga. Ilifanyika mahali pachache, palipokutana mchanga, magadi na kuni. Kazi ya pili ni kuyeyusha kioo kilichokwisha kuwa kioo na kukiunda upya, na hiyo ilienea kila mji. Jahazi la kale lililozama Uluburun, kusini ya Uturuki, yapata miaka 3,300 iliyopita, lilikutwa na mikate ya kioo 175 hivi, yaani madonge ya kuyeyushwa tena, mingi ya buluu, inapelekwa kwa mafundi wasiokuwa na mchanga wa kioo kwao. Hata ufundi wa kupuliza kioo kwa bomba, uliozaliwa pwani ya Shamu katika karne ya 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ulisambaa haraka kwa sababu mpulizaji hakuhitaji kuanza na mchanga.

Shanga za Chwaka na Tumbe zinatoka kwenye historia hiyo hiyo. Wazee wetu walikuwa mafundi wa shanga. Tumbe, mji wa baina ya karne ya 7 na ya 10, waakiolojia walikuta kwa wingi vigae vya vyungu na mawe yenye mifereji, ambavyo vilitumika kusagia shanga za kombe. Shanga za kioo zilikuja na majahazi. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya 1 kinataja aina za kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa mwambao huu, pamoja na mikuki na mashoka. Shanga nyingi za Unguja Ukuu, mji wa kale wa kisiwani Unguja, zilizopimwa kikemia zinaonesha alama ya Asia ya Kusini: alumina (oksidi ya alumini) nyingi, iliyotokana na mchanga wa miamba ya huko, na soda ya udongoni. Fundi wa Kihindi alivuta donge la kioo lenye tundu mpaka likawa mrija mrefu mwembamba, akaukata vipande vidogo, kisha akavipasha moto tena kulainisha kingo. Mpaka karne ya 19 mambo hayakubadilika sana, ila Venezia, mji wa Italia, ilichukua nafasi kubwa. Mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley alinunua Unguja magunia 22 ya shanga za aina 11 kabla ya kuvuka bara, kwa kuwa kila nchi ya njiani ilitaka rangi yake na isiyotakiwa ilirudi mzigo mtupu.

Mkiziona shanga hizo, msizichimbe wala kuwauzia watalii. Ushanga ulioondolewa mahali pake haumsaidii tena mtafiti kujua ulikuja lini na ulikaa na nini. Toeni habari kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale, Chake Chake.

Kuhusu tanuri, kutoa kioo kutoka mchangani leo ni kazi ya viwanda vikubwa sana. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza itangaze mwaka 1959 njia ya kumwaga kioo cha moto juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, vioo vya dirisha hutoka kwenye matanuri yanayowaka usiku na mchana kwa miaka zaidi ya 10 bila ya kuzimwa. Kiwanda cha namna hiyo kilizinduliwa Mkuranga, mkoa wa Pwani, mwaka 2023. Tanuri kama hilo likipoa ghafla, kioo huganda ndani na matofali hupasuka. Sisi tulioishi Unguja bila ya umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua hatari hiyo ingelikuwa na maana gani.

Kazi ya pili ndiyo yenu. Hoteli za Kigomasha na za Unguja zinatupa chupa kila siku, na kila chupa ni mkate wa kioo ulio tayari. Vigae vya chupa huyeyuka kwa joto dogo kuliko mchanga na magadi. Kiwandani, kila asilimia 10 ya vigae inayoongezwa hupunguza nishati kwa asilimia 2.5 hadi 3, na kilo moja ya vigae huokoa kilo 1.2 hivi ya malighafi. Huko Kitengela, nje ya Nairobi, mafundi hupuliza bilauri na mapambo kwa vioo chakavu. Hilo linawezekana hapa, lakini jifunzeni kwanza kwa fundi kabla ya kununua chochote, khasa namna ya kupoza. Kitu kilichoundwa lazima kikae kwenye tanuri la pili la nyuzi 550 hivi na kishushwe polepole, la sivyo kitapasuka chenyewe rafuni.

Anzeni na lisilohitaji moto. Kusanyeni chupa na kuzitenga kwa rangi: nyeupe peke yake, kijani peke yake, hudhurungi peke yake. Ondoeni vizibo vya bati na alumini. Msichanganye na vikombe vya udongo, mawe, wala bakuli za kioo za kuokea, kwani hivyo haviyeyuki pamoja na chupa, na kipande kimoja hubaki kama jiwe ndani ya chupa mpya. Viwanda vya chupa vya bara hutumia vigae. Ulizeni bei yao na nauli ya jahazi kabla ya kukusanya tani ya kwanza, maana nauli ndiyo itakayoamua.

Nauli ikiwashinda, sageni kwa matumizi ya hapa hapa. Mchanga wa kujengea umekuwa adimu Zanzibar, na kioo kilichosagwa kinaweza kuchukua sehemu ya nafasi yake kwenye matofali ya njia. Kisageni laini sana. Vipande vikubwa vya kioo huathiriana na saruji, vikavimba kidogo kidogo na kulipasua tofali baada ya muda. Jaribuni matofali machache, myaache kwenye mvua za masika nzima kabla ya kumuuzia mtu. Na asisage mtu bila ya miwani na barakoa.