Dada, Daftari Kwanza, Kujiamini Baadaye

Juzi usiku dada mmoja msomaji ameniandikia. Anataka kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon lakini hajiamini. "Kaka, wewe ulianzaje kujiamini?"

Dada yangu, mimi nilianza na woga. Nilikuwa natoka alfajiri kungali giza ili majirani wasinione na kitambi changu. Wa kijiweni wakaniona tu, wakawa wananipigia makofi kila nikipita, na unajua makofi ya aina hiyo. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa karibu. Mwaka huu nimepanda kilima cha Mweka pale Moshi bila kutembea hata kidogo, nikateremka kuelekea uwanja wa Ushirika nikiwapita vijana. Picha ya medali niliirusha mtandaoni siku hiyo hiyo. Rafiki yangu ameiona, hajasema neno. Sina kinyongo, ila nimeandika moyoni.

Sasa mtazame Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Wote tulipiga kelele Septemba 2025 alipotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Walitofautiana kwa sekunde 0.03. Lakini shaba yake ya mashindano hayo hayo, kule London, ilikuwa ya 2017. Miaka minane! Katikati hapo alikimbia Olimpiki ya Tokyo akawa wa saba, ya Paris akawa wa 17, na sisi mashabiki tulikuwa tumeshahamia kwenye mpira. Yeye aliendelea kuamka. Mita za mwisho kule Tokyo Petros ndiye aliyekuwa mbele, na ujasiri wa kumfukuza mtu pale hauokotwi barabarani siku ya mbio. Unauweka akiba asubuhi kwa asubuhi, wakati hakuna kamera.

Au Eliud Kipchoge: bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, halafu 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, na yaliyotokea baada ya hapo unayajua. Mimi hata ile marathoni aliyoimaliza Vienna chini ya saa mbili, kwa 1:59:40, hainishangazi kama daftari zake. Bingwa mzima, kwa miaka mingi anaandika mazoezi yake kwa mkono!

Nunua daftari, dada. Andika umekimbia wapi, umbali gani, mwili ulisemaje. Siku ya hofu, lifungue usome kazi uliyokwisha kuifanya. Watu wa siku hizi tunataka kujiamini tukiwa tumejilaza kitandani, tunaangalia video za kutiana moyo mpaka chaji inaisha. Amka! Usipoamka leo, amka kesho. Na mtu akikucheka, mwache acheke, wewe andika kilomita zako.

Mazoezi ya kilima yafanye mara moja tu kwa wiki mwanzoni, magoti yazoee. Viatu vipya usivivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Ukifika Moshi nitafute pale uwanjani, ingawa hatutaanza pamoja: mwakani mimi naingia zile za kilomita 42.