Ambulensi ya kawaida au yenye kila kitu?

Umeuliza kama mgonjwa aliyebebwa na ambulensi yenye huduma ya juu hupona kuliko wa ile ya msingi. Inategemea kilichompata, ndugu.

Ya msingi ina oksijeni, kuzuia damu, kukandamiza kifua na ile mashine ya kushtua moyo inayokuelekeza kwa sauti. Ya juu inaongeza dawa za mshipani na mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni.

Kule Ontario, Kanada, walilipima hili kwenye miji 17 ambako mashine za kushtua moyo zilikuwa tayari zinafika haraka. Matokeo ya wagonjwa ambao moyo ulisimama yalitoka 2004: kabla ya huduma ya juu walionusurika hadi kuruhusiwa hospitali walikuwa asilimia 5.0, baadaye 5.1. Yaani hamna kitu! Kilicholeta tofauti ni mtu aliye jirani na mgonjwa kukandamiza kifua papo hapo, na moyo kushtuliwa mapema. Ila kwa waliobanwa na pumzi vifo vilishuka, kutoka asilimia 14.3 hadi 12.4, kwa hiyo siyo kwamba ni mapambo.

Mtu akianguka, haamki na hapumui, piga simu kisha anza mwenyewe: viganja katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkiwa wawili pokezaneni kila dakika 2, maana mikono inachoka upesi mno.