Kindi Darini, Posamu Chini ya Baraza: Uliza Kwanza Nani Mwenyeji

Msomaji mmoja wa Kent, jimbo la Washington, ameandika kwamba darini kwake kuna vishindo kila alfajiri, na usiku ameona "panya mkubwa kama paka" akijipenyeza chini ya baraza ya mbao nyuma ya nyumba. Anataka ajue sumu gani inaua haraka. Hasira yake inaeleweka. Wengi wetu tumesota miaka kupata nyumba yenye kiwanja, tukapanda sukuma wiki na mistari miwili ya mahindi, tukaweka na kuku watatu, halafu anatokea kiumbe anakutobolea paa. Lakini swali la sumu ni swali la mwisho, na kwa kweli halipaswi kufika. Swali la kwanza ni hili: huyu mnyama ni mwenyeji hapa, au aliletwa? Washington ni mahali ambapo jibu linabadilisha kila kitu, kuanzia sheria hadi mwezi wa kuziba tundu.

Tuanze na yule "panya". Ni posamu (kwa Kiingereza "opossum"), na hana undugu na panya. Ni mnyama anayelea watoto kwenye mfuko wa tumbo, jamii ambayo Afrika haina hata mmoja wake porini, ndiyo maana ukimwona mara ya kwanza akili inakimbilia panya buku. Mtazame vizuri: uso mweupe, pua ya waridi, masikio meusi membamba kama karatasi, mkia mtupu usio na manyoya, na meno 50. Akibanwa anakenua na kutoa mate, kisha anaweza kuanguka akalala ubavu, mdomo wazi, ulimi nje, ananuka kama mzoga. Wala hafanyi hila. Mwili wenyewe unazimika na yeye hana hiari. Mwache hapo, fungia mbwa ndani, baada ya dakika kadhaa au hata saa kadhaa atainuka aende zake. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni nadra mno kwake, kwa hiyo yale mate yasikufanye upige simu ya dharura. Na zile habari za kwenye makundi ya WhatsApp kwamba posamu anakula maelfu ya kupe, zisikufanye umtandikie mkeka pia. Zilitokana na wanyama waliokuwa kwenye vizimba. Watafiti walipochunguza matumbo ya posamu wa porini hawakuona kupe.

Mashariki na kusini mwa Marekani posamu ni mwenyeji tangu zamani. Pwani ya magharibi aliletwa na watu waliohama kutoka huko, wengine wakimfuga, wengine wakimla, na Washington alifika mwanzoni mwa karne ya 20. Kindi wa kijivu wa mashariki, yule unayemwona kila bustani ya Seattle, naye aliletwa mwaka 1925. Sisi tunaotoka pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili: kunguru wa India aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, leo anapora mayai na makinda ya ndege wadogo mpaka Dar es Salaam na Mombasa.

Sasa kwa kindi, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu kila kindi kwao ni kindi tu. Kindi wa kijivu wa mashariki ana kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, hasa usoni, mgongoni na miguuni, na mkia wake una ukingo mweupe. Hamwogopi mtu, atakaa kwenye uzio akutazame unavyopalilia. Kindi wa kijivu wa magharibi, ambaye ndiye mwenyeji, ni mkubwa zaidi, kijivu chake ni cha fedha bila hudhurungi mgongoni, tumbo ni jeupe pee, na mkia ni mrefu na mpana kupita kiasi. Huyu ni mwoga, akikuona anazunguka nyuma ya shina. Anazaa mara moja kwa mwaka wakati yule mgeni anaweza kuzaa mara mbili, anategemea misitu ya mialoni na misonobari ambayo imekatwa sana, na ameugua upele mbaya unaomnyonyoa manyoya. Jimbo lilimtangaza kuwa hatarini mwaka 1993, na mwaka 2023 likampandisha daraja hadi walio karibu kutoweka. Magharibi mwa jimbo amebaki kwenye mialoni na nyanda za kusini mwa Tacoma, hasa ndani na kandokando ya kambi ya kijeshi ya Lewis-McChord. Kwa hiyo ndugu zetu wa Lakewood, DuPont na Spanaway, mtego ukitegwa kwa kubahatisha huko kwenu unaweza kumnasa asiyepaswa kuguswa kabisa.

Wenyeji wengine wawili: kindi wa Douglas ni mdogo, mgongo hudhurungi iliyokoza, tumbo la rangi ya chungwa, na ana kelele kuliko umbo lake, akikaa juu ya mti wako utakuta rundo la maganda ya mbegu za misonobari chini. Kindi arukaye hutamwona mchana. Ana macho makubwa meusi na ngozi inayotanuka kati ya mikono na miguu, anateleza hewani usiku.

Sheria ya jimbo inafuata mgawanyo huohuo. Wa kijivu wa magharibi haruhusiwi kuwindwa, kunaswa wala kuuawa. Douglas na arukaye wanalindwa, na kuwagusa kunahitaji kibali. Posamu na kindi wa kijivu wa mashariki hawana ulinzi huo, ila kuna kifungu kimoja ambacho watu wema ndio wanaokivunja: huruhusiwi kumnasa mnyama kisha ukampeleka kwa gari kumwachia msitu mwingine bila kibali. Unajiona umemhurumia, kumbe umemtupa mahali asipojua maji wala shimo, au umepeleka mgeni mwingine kwenye mialoni ya yule mwenyeji anayemalizika. Mtego, basi, unakuachia njia mbili: umfungulie palepale ulipomnasa, au umuue. Kama huna moyo wa hiyo ya pili, usinunue mtego. Ziba nyumba. Na kabla ya lolote piga simu Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington, kisha uulize mji wako una kanuni gani za ziada.

Mlio ndio wa kwanza kukwambia nani yuko juu. Mbio nyepesi alfajiri na tena jioni mapema ni kindi wa kawaida. Kelele nyepesi za usiku ni panya au kindi arukaye. Hatua nzito za polepole usiku ni posamu au rakuni, yule mnyama wa usiku mwenye alama nyeusi machoni kama barakoa. Kisha zunguka nyumba mchana ukiangalia pale paa linapokutana na ukuta, matundu ya hewa ya darini, na kingo za mbao zilizotafunwa zikabaki na rangi mpya. Kindi anapita kwenye tundu la inchi moja na nusu. Ukilipata, lizibe kwa gazeti lililokunjwa bila kulikaza, subiri siku mbili au tatu zisizo na mvua kubwa. Likisukumwa, tundu linatumika. Likibaki lilivyo, hamna mtu.

Angalia kalenda kabla hujapanda ngazi. Kindi wa kijivu wa mashariki huzaa majira ya kuchipua, na wengine tena mwishoni mwa kiangazi, na watoto hunyonya wiki kama 10. Ukiziba Aprili, mama anayerudi na kukuta mlango umefungwa atakutafunia upande mwingine wa paa mpaka awafikie, au watoto watafia ndani na utaishi na harufu hiyo wiki nyingi. Oktoba hadi Januari ndio wakati salama.

Anza kwa kukata matawi yote yaliyo ndani ya futi 8 kutoka paani. Ziba kila upenyo isipokuwa ule mmoja mkuu. Kwenye huo funga mlango wa kutokea tu, ule wa kimia au bati jepesi unaofunguka kwa nje na kurudi wenyewe. Uache siku tano hadi saba, rudia jaribio la gazeti, ndipo ufunge kabisa. Tumia wavu wa chuma mgumu uliopakwa zinki, wa matundu ya nusu inchi, upitilize tundu kwa inchi nne kila upande, ukaze kwa skrubu zenye washa (vile vipete bapa vya chuma) kwenye mbao nzima. Povu la kuziba la kwenye kopo analitafuna kwa dakika chache. Wavu mwembamba wa kuku anauchana. Pini za stepla zinang'oka, na kazi nyingi za mafundi wa bei rahisi hufia kwenye pini hizo.

Chini ya baraza kwa posamu kazi ni rahisi zaidi, maana yeye hana makao ya kudumu. Hulala siku mbili tatu hapa, kisha pale. Chimba mtaro kuzunguka baraza, futi moja kwenda chini, ushushe wavu uleule kutoka kwenye mbao hadi chini ya mtaro, kisha uukunje kwa nje futi moja nyingine mfano wa herufi L, ufukie. Anayechimba anakutana na ule uliolala na kukata tamaa. Acha mwanya mmoja. Jioni nyunyiza unga wa ngano mbele ya mwanya, eneo la futi mbili, ukaangalie kwa tochi saa mbili baada ya giza kuingia. Unyayo wa nyuma wa posamu haukosewi: kidole gumba kimekaa pembeni kabisa, bila kucha, kama kiganja cha mtoto kilichogandamizwa kwenye unga. Nyayo zikielekea nje tu, funga. Zikiingia na kutoka, ngoja usiku mwingine. Majira ya kuchipua na kiangazi sikiliza kwanza kama kuna watoto waliokwisha kutoka mfukoni na kubaki shimoni mama akienda kutafuta.

Kinachowaleta wote wawili ni chakula. Mbegu za ndege zinazomwagika chini, bakuli la paka lililoachwa nje, matunda yaliyoanguka. Chakula cha kuku kiwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko, mayai yaokotwe kabla ya jua kuzama, na banda lizungushiwe wavu wa nusu inchi, kwa sababu posamu anakula mayai na vifaranga. Sukuma wiki kindi hana haja nayo sana, ila tuta lililochimbwa upya linamwita aje kufukua. Mahindi uliyopanda leo atayaibua kesho. Laza wavu juu ya mstari mpaka miche ifike inchi tatu.

Wasomaji wa Columbus au Houston, huko posamu na kindi wenu wa kijivu wa mashariki ni wenyeji, na jimbo lenu lina sheria zake. Uingereza ni kinyume: kindi wa kijivu ndiye mgeni, na ukimnasa ni kosa kumwachia popote, hata bustanini kwako. Melbourne msichanganye kabisa: posamu wa Australia ni mnyama mwingine, ni mwenyeji, analindwa, na katika jimbo la Victoria mwenye nyumba akimnasa lazima amwachie siku hiyohiyo baada ya jua kuzama, si zaidi ya mita 50 kutoka alipomnasa. Posamu huyohuyo alipelekwa New Zealand karne ya 19 kwa biashara ya manyoya, na huko wanamuua kwa mpango wa serikali.

Sumu usiitumie. Mnyama hufia ndani ya ukuta, na bundi anayemla akiwa anajikokota hufa pia.

Kama unaishi nyumba ya kupanga, piga picha za tundu na umwandikie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo. Paa na kuta ni jukumu lake. Dari likishakuwa tupu, usifagie kinyesi kikavu. Vaa barakoa na glavu, nyunyizia maji yenye jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa, subiri dakika tano ndipo ukusanye kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Fundi wa umeme akague nyaya zilizotafunwa kabla hujatandaza upya sufu ya kuzuia baridi, kwa sababu ikishazifunika hataona tena palipochunika.