Kibali Chake Kinakwenda Wapi? Swali Lililonifundisha Kupanga Sera za Nishati

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeandika tasnifu alinitumia ujumbe. Amependekeza mambo matatu kwa pamoja: ukomo wa hewa ukaa viwandani, ruzuku kwa umeme wa jua na upepo, na masharti ya kubana matumizi ya umeme. Msimamizi wake amemrudishia andiko na maneno manne tu pembeni: "Sera zako zinagongana wapi?" Akaniuliza afanye nini. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, maana yaliyomkuta yalinikuta.

Kidonda changu kina zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa mchambuzi mpya wa sera, nikakabidhiwa sura nzima ya ripoti kubwa. Nilikesha nikitengeneza jedwali: soko la vibali vya kutoa hewa ukaa litapunguza tani kadhaa za hewa hiyo, nishati jadidifu tani kadhaa, ubanaji wa matumizi tani kadhaa. Chini nikajumlisha, na jumla ikapendeza. Siku ya kuwasilisha, mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Tani inayookolewa na upepo, kibali chake kinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Sura ile ikapewa mtu mwingine aiandike upya, na hakuna aliyenieleza kwa upole. Nikiukumbuka ukimya wa chumba kile, hadi leo roho inaniuma.

Jibu nilijitafutia mwenyewe, na hilo najivunia. Nililipata katika yaliyotokea Ulaya. Soko la kaboni la Umoja wa Ulaya lilianza 2005: unawekwa ukomo wa tani, vinatolewa vibali vinavyolingana nao, na anayetoa tani moja anasalimisha kibali kimoja. Sasa weka ruzuku ya upepo juu yake. Mtambo wa makaa ya mawe unazalisha kidogo, vibali vinambakia mwenye nao, anaviuza. Bei inashuka. Kiwanda cha saruji katika nchi nyingine kinavinunua na kutoa hewa ukaa ileile. Idadi ya vibali haikupungua hata kimoja! Wachumi wanalifananisha jambo hili na godoro la maji: ukilibonyeza huku, linavimba kule.

Mwaka 2013 bei ya kibali ilianguka chini ya yuro 5, na vibali vya ziada vilikuwa vimepita bilioni 2. Ruzuku haikuyafanya yote hayo peke yake. Mdororo wa uchumi ulioanza 2008 ulichangia sana, na vibali vya ziada vilivyotokana na miradi ya kupunguza hewa ukaa nje ya Ulaya pia. Lakini ukomo ulikuwa umepangwa miaka kabla, haukuweza kusogea kufuata lolote kati ya hayo. Nafuu ilikuja na akiba maalumu iliyoanza kazi Januari 2019, inayoondoa vibali sokoni vikizidi. Tangu 2023, vinavyorundikana humo kupita kiwango hufutwa kabisa.

Ndugu zangu mnaotaka maandiko yenu yafike mezani kwa wanaoamua, ulizeni kila sera: kazi yako ni ipi? Ruzuku ina kazi yake ya halali, kuishusha gharama ya teknolojia ikiwa bado changa. Gharama ya umeme wa jua kutoka mitambo mikubwa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 duniani kati ya 2010 na 2020, na ruzuku za miaka ya nyuma zina mkono wake hapo. Basi iandikeni kazi hiyo. Msiipe ruzuku tani ambazo ukomo umekwisha kuzihesabu. Penye kodi ya kaboni bila ukomo, hesabu ni nyingine: hapo hakuna kibali cha kumwachia mtu, na tani iliyookolewa na upepo imeokolewa kweli.

Na msidhani mgongano uko kwenye kaboni tu. Mwaka 2009 Umoja huohuo uliagiza asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Mashamba ya mazao ya kutengenezea mafuta ya magari yakatishia misitu, na 2015 ikabidi mafuta yatokanayo na mazao ya chakula yawekewe kikomo cha asilimia 7. Sera ya nishati ilikuwa inakula sera ya misitu, na zote mbili zinaitwa za mazingira. Ulizeni kila sera kazi yake. Narudia kwa sababu mimi sikuuliza, na nililipa.

Yule kijana wa tasnifu nilimwambia afute mstari wa jumla kwenye jedwali lake. Jana ameleta jedwali jipya: mahali pa jumla ameandika kwamba ukomo utashushwa kwa kila tani ambayo ruzuku inatarajiwa kuokoa. Nimemrudishia na swali moja: nani ana mamlaka ya kuushusha, na kila baada ya miaka mingapi?