Madoa kwenye gari nyeupe: mi nilishaunguza boneti, we usiunguze ya kwako

Juzi mdada mmoja yuko Mwanza kanitumia picha ya mlango wa gari yake, nyeupe, imejaa vidoti vya rangi ya chungwa kama mtu kaimwagia pilipili ya unga, anauliza "kaka, nisugue na stilwaya au nitumie petroli?" Nilivosoma stilwaya tumbo likavurugika. Nikamjibu hapohapo weka chini hiyo kitu, usiguse gari mpaka nikuandikie. Sasa nimeona bora niandike hapa wote msome, maana hili jambo lilishanidhalilisha mbele za watu.

Gari yangu ni Premio, nyeupe lulu, namba ya rangi 070 (angalia kile kibati kwenye injini au nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR). Kipindi hicho nimepanga Tabata, naipaki chini ya mwembe, kivuli safi, najiona mjanja kuliko majirani wanaoacha magari juani. Kumbe mwembe wenyewe mchana una kunguru, usiku una popo. Ng'ambo ya ukuta kuna kijana anachomelea mageti, grainda inalia kuanzia saa mbili asubuhi. Na kuosha naosha na maji ya kisima, yale ukionja unajua kabisa bahari haiko mbali. Kila adui wa rangi nyeupe nilikuwa naishi nae.

Ikaja harusi ya mdogo wake mke wangu. Kwenye kikao nikanyoosha mkono mwenyewe, nikasema gari ya bi harusi niachieni mimi. Wiki mbili kabla, shemeji mkubwa akaja kuikagua, akaizunguka, akapitisha kidole kwenye boneti, akasema kwa sauti, "Shemeji, hii gari mbona ina mapunye?" Watu wakacheka. Na mi nikacheka. Ila sijasahau.

Usiku huohuo nikaanza. Dawa ya meno, haikutoa kitu. Limao, nikaacha likakauka, likaongeza doa lake. Jumamosi nikaenda dukani nikaomba msasa laini nikapewa namba 800, sikujua kwamba kwa kazi hii watu wanaanzia 2000 wanamalizia 3000, tena kwa maji, tena waliofundishwa. Mi nikasugua mkavu, kwa hasira, namuwaza shemeji. Doa likatoka kweli. Na klia ikatoka nalo. Klia ni ule utando unaong'aa juu ya rangi, na kwenye magari mengi ni kama maikroni 40 au 50, unywele wako unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Ukishaimaliza hairudi, hakuna polishi wala waksi ya kuirudisha, ni kupiga rangi upya tu.

Nikapeleka kwa fundi rangi. Nyeupe lulu inapigwa tabaka tatu, chini nyeupe, katikati lulu, juu klia, na ile ya katikati fundi akizidisha au akipunguza kidogo tu imekula kwako. Boneti ikatoka maziwa, gari nzima samli. Harusi ikabeba gari nyingine, nyeusi. Mi nilienda ukumbini na bajaji, mke wangu hakuongea njia nzima.

Basi kilichoniumiza mpaka nikajifunza ni hiki: kuna doa na kuna kuungua, na ni vitu viwili tofauti. Doa limekaa juu ya klia, lina dawa yake, linatoka bila kukwangua. Kuungua kumeingia ndani ya klia yenyewe. Mavi ya ndege yana asidi, alafu boneti ikipata jua klia inalainika, yale mavi yanakauka na kujikunja juu yake, unabaki na kovu. Kwenye gari nyeusi utaliona mbali, kwenye nyeupe linajificha, unaona tu duara limefifia au la njano unadhani ni uchafu, unasugua, unasugua. Usiku washa tochi ya simu uilaze pembeni, sio kumulika kwa juu, utaliona. Alafu pitisha ukucha taratibu. Ukinasa, ujue limeenda chini, usijitie ushujaa.

Mdada wa Mwanza, vyako vile ni chuma. Cheche za grainda, na vumbi la breki, vinajichomeka kwenye klia vinashika kutu. Stilwaya nayo ni chuma, unaona ulichotaka kufanya? Osha gari kwanza, ipoe, iwe kivulini, alafu puliza ile dawa ya kuondoa chembe za chuma, inauzwa kwenye maduka ya urembo wa magari. Itageuka zambarau, inatiririka kama gari inatoa damu ya ajabu na inanuka kama yai viza, usishtuke, ndo inafanya kazi. Vaa glovu. Usiiache ikakauka, suuza kwa maji mengi, rudia kama bado. Vilivyobaki pitisha klei, kile kidongo laini cha kusafishia rangi, na maji ya sabuni mengi, mkono mwepesi. Klei ikidondoka chini itupe, usiifute, mchanga uliojificha mle utachora gari nzima. Ukimaliza ingiza mkono kwenye nailoni nyembamba (sio rambo, zile tuliagana nazo 2019) upapase, kama bado unahisi chenga chenga rudia.

Maduara ya maji ya kisima ni chokaa na chumvi. Siki nyeupe nusu, maji ya betri nusu, loanisha kitambaa, bandika dakika moja, suuza, futa. Nimesema maji ya betri, yale masafi ya kuongezea (distilled water), SIO tindikali, dukani tamka vizuri maana wapo watakaokupa chupa yoyote.

Kuungua sasa. Kule kwepesi kunapungua kwa kampaundi laini, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi, na sponji, kidogo kidogo, unafuta unaangalia. Kitambaa kikianza kutoka cheupe kama chaki simama hapohapo, aidha gari yako haina klia toka kiwandani, nyeupe nyingine za kawaida ziko hivo, au umeshaimaliza. Mi milango nilifanya mwenyewe jumapili mbili, imerudi mpaka jirani akauliza nimepiga rangi wapi. Nilijiskia vizuri hiyo siku siwezi kuficha.

Ila ndugu zangu tuache uvivu. Mavi ya ndege ukiyaona asubuhi usiseme nitaosha jumamosi, lowesha kitambaa maji ya uvuguvugu, yafunike dakika kumi, nyanyua, usiburuze. Na wale vijana wa kuosha wanaosugua kwa sabuni ya unga na lile dekio walilotolea tope la matairi, kwanini mnawalipa? Gari umeiagiza Japani kwa mamilioni, unashindwa kununua kitambaa chako? Tunapenda gari nyeupe, hatupendi kazi ya gari nyeupe.

Kwenye ruufu yangu kuna makovu mawili bado, kila moja kama shilingi mia. Ukucha unanasa. Nimeyaacha, na waksi juu yake.

Shemeji nae mwaka huu kanunua Harrier, nyeupe, anaipaki Kibaha chini ya mkorosho. Jana kanitumia picha ya boneti, ameandika "hivi ile dawa yako inaitwaje?" Nimeshaifungua, tiki zimekuwa bluu, ila sijajibu.