Windows ikitaka ufomati diski ya picha, kataa kisha uchomoe

Mkuu, pole sana. Kwa wanaoingia sasa hivi: mdau ana diski ya nje ya TB 1, ndani yake picha za familia na kazi za harusi tangu 2014, zote amezipanga kwa Lightroom. Umeme ulikatika akiwa anahamisha mafaili, na sasa Windows inamtaka afomati kwanza ndipo diski itumike. Anasema pia kwamba kabla ya hapo kuna picha zilikuwa zinafunguka nusu, nusu ya chini kijivu. Wachangiaji wawili wamemshauri apige chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, mmoja kamwambia aifunge diski kwenye nailoni ailaze friza.

Nami ni mpiga picha wa harusi, Morogoro. Diski ya studio yetu iliugua ugonjwa unaofanana sana na huo, na kazi ya kuiokoa niliifanya mwenyewe mezani kwa programu za bure. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyapitia kwa mikono yangu.

Usiipite haraka hiyo habari ya kijivu. Kwangu ni kubwa kuliko ujumbe wa kufomati. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kinachovurugika mara nyingi ni mfumo wa mafaili, yaani ile orodha inayojua faili gani limekaa wapi. exFAT, ambayo wengi tunaitumia ili diski isome kwenye Windows na Mac, ndiyo dhaifu zaidi hapo, kwa sababu haiandiki mabadiliko pembeni kwanza kama NTFS inavyofanya. Lakini orodha ikivurugika, picha zenyewe huwa bado zimelala palepale. Sasa picha zako zilianza kuwa kijivu kabla umeme haujakatika. Hiyo inanifanya nishuku kwamba kuna sekta (vile vipande vidogo vya diski vinavyoshika data) zisizosomeka, yaani diski yenyewe ilishaanza kufa. Una magonjwa mawili, na dawa ya mfumo wa mafaili inaweza kukuulia diski yenyewe.

Ndiyo maana nakataa chkdsk kwa hatua hii. Kazi yake ni kuifanya diski ikubalike tena kwa Windows. Kuokoa picha si kazi yake. Ikikuta kipande kisicho na mwenyewe inakitupa kwenye folda la FOUND.000 kwa jina la FILE0000.CHK, na marekebisho yote inayaandika juu ya diski ileile mgonjwa. Ukiongeza /r ndiyo kabisa, unailazimisha diski inayokata roho ipitie kila sekta, na mwisho wake huna nakala yoyote mkononi. Mafundi wengi nao wanafanya hivyohivyo: wanachomeka diski ya mteja, wanawasha programu ya kuokoa moja kwa moja juu yake, inaskani usiku kucha, asubuhi diski haionekani tena. Ukimpelekea fundi, muulize swali moja tu: utaanza kwa kutoa nakala ya diski nzima? Akikodoa macho, chukua diski yako uondoke.

Ya friza sitaki hata kubishana. Diski ikitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto letu inatoka jasho ndani, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Fikiria tone la maji hapo.

Kabla ya yote, ondoa mashaka ya waya. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, la 3.0 linatoa 900, na diski ndogo isiyo na adapta inategemea hizohizo. Tumia waya mfupi mzima, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio, na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, uangalie mistari mitatu. 05 ni sekta ambazo diski imeshazihamisha. C5 ni zile inazoshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. C7 ikipanda, mara nyingi tatizo ni waya au mawasiliano. Programu huonyesha hesabu hizo kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo usishangae kukuta herufi ndani ya namba. Kwangu C5 haikuwa sifuri na ilikuwa inaongezeka, basi nikajua sina muda wa kuchezea.

Sikiliza pia. Mngurumo wa kawaida ni sawa. Ikigonga tik, tik, tik kisha ikazima injini, chomoa na usiiwashe tena. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na kila ukiwasha unakwangua sahani. Wala usifikirie kuitoa kwenye kava lake ukachomeke kwenye kompyuta ya mezani kwa SATA, lile tundu la diski za ndani: kwenye baadhi ya diski ndogo tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na nyingine zinafunga data kwa ufunguo uliomo kwenye bodi hiyohiyo, hivyo ukiihamisha unakuta takataka tupu.

Kama haigongi, sasa toa nakala. Utahitaji diski nyingine yenye nafasi inayozidi TB 1, iliyofomatiwa NTFS au ext4. FAT32 haifai, haipokei faili linalofika GB 4. Mimi niliwasha laptopu ya zamani kwa flashi ya Linux, nikaweka GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, nikatumia lsblk kutambua diski ipi ni ipi. Hapo tulia. Ukizibadilisha nafasi, mgonjwa akawa mpokeaji, umemaliza kila kitu kwa amri moja. Chukulia mgonjwa ni sdb:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/mpya/diski.img /media/mpya/diski.map

Hiyo -n inaiambia ichukue kwanza yanayochukulika kirahisi, palipooza isipakomalie. Ndiyo akili yote ya programu hii: nakala ya kawaida ya Windows ikifika kwenye sekta mbovu inang'ang'ana hapohapo mpaka diski ife, ddrescue inaruka mbele, inabeba vilivyo hai, halafu inarudi kwenye makovu. Faili la .map ndilo kumbukumbu yake. Umeme ukikatika, rudia amri ileile na map ileile, itaendelea ilipoishia. Raundi ya kwanza ikiisha, ondoa -n na uweke -r3 ili ijaribu sehemu mbovu mara tatu zaidi. Diski ikichemka, sitisha kwa Ctrl+C, iache ipoe, endelea. Usikimbizane nayo.

Ikimaliza, mgonjwa aende kabatini. Kuanzia hapo unafanya kazi kwenye diski.img, na kama una nafasi weka nakala ya pili ya hiyo img. Ukikosea, unafuta unaanza upya.

Sasa sehemu ambayo watu wa Lightroom wengi hawaambiwi. Anza na TestDisk, PhotoRec iwe ya mwisho kabisa. Zote zinatoka kwa mtengenezaji mmoja na ni za bure, lakini zinafanya kazi tofauti. TestDisk inatafuta ule mfumo wa mafaili wa zamani. Ukiandika testdisk diski.img, ukachagua patisheni na kubonyeza P, ukibahatika utaona mafolda yako na majina yake yote, unayanakili kwa C kwenda diski mpya. PhotoRec haijali majina. Inatembea sekta kwa sekta ikitafuta mwanzo wa faili. JPEG kwa mfano huanza na FF D8 FF. Inakurudishia picha zinazoitwa f1839204.jpg zilizomwagwa kwenye recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea. Na Lightroom inaitambua picha kwa folda na jina lake. Ukirudisha majina, ukaipa diski mpya herufi ileile ya zamani kupitia Disk Management, tuseme E:, unafungua Lightroom na alama zote za kuuliza zinaondoka zenyewe. Ukirudisha kwa PhotoRec, una picha lakini uhariri wako wa miaka yote hauna pa kushika.

Katalogi yenyewe, lile faili la .lrcat ambamo Lightroom inatunza uhariri wako, hukaa kwenye folda la Pictures la laptopu usipolihamisha. Wengi wanaolia kwamba imepotea kwenye diski hawajaitafuta huko. Kama kweli ilikuwa kwenye diski, tafuta folda la Backups jirani yake, mna zip za katalogi za nyuma. Ndani yake .lrcat ni hifadhidata ya SQLite, kwa hiyo hata ikikataa kufunguka unaweza kuijaribu kwenye nakala:

sqlite3 mbovu.lrcat ".recover" | sqlite3 mpya.lrcat

Inasaidia wakati mwingine. Zip ya zamani kidogo lakini nzima naipenda zaidi.

Kwetu TestDisk ilirudisha mafolda mengi, yakabaki mapengo, hayo ndiyo nikayapelekea PhotoRec. Inafanya vizuri kwa picha kwa kuwa zikitoka kwenye memori kadi huandikwa kwa mfululizo. Kwa faili lililotawanyika vipandevipande inashindwa, ndiyo maana katalogi haitoki salama kwa njia hiyo. Mafaili yanayoanza na t badala ya f ni vijipicha vidogo vilivyomo ndani ya picha, yaweke pembeni. Zilizobaki nilizipanga kwa exiftool:

exiftool -d %Y/%Y-%m-%d "-Directory<DateTimeOriginal" -r recup_dir.*

Ikasoma tarehe iliyoandikwa na kamera na kujenga mafolda ya mwaka na siku. Isipokuwa kamera ya msaidizi wangu. Saa yake ilikuwa imejirudisha mwanzo, basi kitchen party, send-off na harusi za watu tofauti zikajikusanya kwenye folda moja la 1 Januari. Nilizitenganisha na za kamera yangu kwa tagi ya SerialNumber. Kisha kwa kila sherehe nikatafuta tukio ambalo sote wawili tulilipiga. Kwenye harusi moja ilikuwa ndafu inaingia ukumbini: mpishi yuleyule, mguu uleule mbele, kwangu saa inasema hivi, kwake inasema vile. Tofauti ya hapo ndiyo unayoiongeza kwenye picha zake zote za siku hiyo kwa "-AllDates+=". Kazi ya kuchosha macho, na ndiyo iliyokula muda mrefu kuliko uokoaji wenyewe.

Kuhusu zile za kijivu: JPEG inasomwa kwa mnyororo, kila kipande kinamtegemea aliyetangulia. Baiti zikikosekana katikati, kisomaji kinapotea, na chini yote inakuwa kijivu au rangi zinahama. Kilichomo ndani ya sekta iliyokufa hakirudi, asikudanganye mtu na programu ya kulipia. Ila unaweza kujua mapema ni picha zipi zimeguswa, badala ya kufungua moja moja. ddrescue ina uwezo wa kujaza matundu kwa maandishi unayoyataka. Tengeneza faili la alama.txt lenye neno SEKTAMBOVU, kisha kwenye nakala ya pili ya img:

ddrescue --fill-mode=- alama.txt nakala.img diski.map

Ifungue hiyo img kwa kusoma tu, piga grep -rl SEKTAMBOVU, unapata orodha ya waliojeruhiwa. Kwa zile zilizopigwa RAW, yaani data ghafi ya kamera, bado kuna mlango. NEF ya Nikon hubeba JPEG kamili ndani yake, ndiyo unayoiona kwenye kioo cha kamera. Ikiwa jeraha liko upande wa data ya RAW, hiyo JPEG inatoka nzima:

exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndani.jpg -ext nef folda

Kwa CR2 za Canon weka -PreviewImage. Nilikuwa na picha ya bibi harusi akimlisha keki mama yake, NEF imegoma kila programu, na hii ikaitoa ikiwa safi mpaka punje za sukari zinaonekana. Na kama uliwahi kutengeneza Smart Previews, zile nakala ndogo za picha za Lightroom, hizo hukaa jirani na katalogi, zina pikseli 2,540 upande mrefu, na Lightroom inakubali kuzitoa kama picha hata asili ikiwa haipo. Kwa chapa ya albamu ya kawaida zinatosha.

Kabla hujanunua diski ya kupokelea nakala, ijaribu kwa H2testw, programu inayopima ukubwa halisi wa diski. Madukani kuna diski feki zinazojitangaza TB 2 huku ndani hazifiki hata robo, na zinapokea mafaili zikitabasamu.

Sasa tuwekee hapa kioo cha CrystalDiskInfo, hiyo mistari ya 05, C5 na C7 ionekane, tuambie diski inatoa sauti gani, na kama katalogi ilikuwa kwenye laptopu au humohumo. Mpaka hapo, iache imechomolewa.