Hiyo DbContext ya Singleton ifute kabla hujampelekea mteja

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza tofauti ya AddSingleton (kitu kimoja kinachoishi muda wote wa programu), AddScoped (kimoja kwa kila ombi la mtumiaji) na AddTransient (kipya kila kinapoombwa) kwenye ASP.NET Core, mfumo wa Microsoft wa kutengeneza programu za wavuti, ukauliza huduma ya kutuma barua pepe isajiliwe vipi, halafu huko chini ukachomekea kwamba DbContext, yaani kile kitu kinachoongea na databesi, umeshaiweka Singleton "ili kosa lipotee". Hilo la mwisho limenifanya niache chai ikipoa.

Nililifanya hilo hilo kwenye mfumo wa chama cha kuweka na kukopa. Huduma yangu ya mikopo ilikuwa Singleton, na ndani yake inaomba DbContext, ambayo AddDbContext huisajili Scoped, yaani kila ombi (request) linaloingia kwenye seva linapata ya kwake. Programu ikagoma kuwaka: Singleton haiwezi kutumia kitu cha Scoped. Nikamuuliza bingwa wa grupu letu la WhatsApp, yule asiyeacha kutukumbusha miaka yake kazini. Akanijibu kwa sauti ya sekunde nane: "Na DbContext ifanye Singleton, mbona rahisi." Sekunde nane! Nikafanya, kosa likanyamaza, nikamshukuru na kumtumia vocha. Vocha hiyo bado naidai.

Sasa sikia. Mama mmoja akaomba mkopo wa milioni mbili. Msimbo wangu (code) ulikuwa unaliingiza ombi lake la mkopo kwenye DbContext kwanza, ndipo unakagua akiba (aibu yangu, najua). Akiba haikutosha, akakataliwa, akaenda zake. Kwa Scoped, ombi lile la mkopo lingekufa pamoja na DbContext yake. Yangu ilikuwa haifi. Muda mfupi baadaye mzee mwingine akalipa rejesho la elfu hamsini, SaveChanges, amri ya kuandika mabadiliko kwenye databesi, ikaitwa, ikazoa kila kilichokuwa kinasubiri: rejesho la mzee na mkopo wa mama. Mhasibu alinipigia saa tano usiku kuuliza nani kaidhinisha. Nikamwambia ni mtandao.

Salio nalo lilikuwa linaganda. DbContext ikishaanza kuifuatilia rekodi, ukiiuliza tena inakupa thamani ilizoshika, hata kama programu nyingine imeshaibadilisha databesi. Na wanachama wawili wakigonga pamoja inarusha kosa, maana haikuundwa kuhudumia kazi mbili kwa wakati mmoja. Dawa yangu ilikuwa kuizima seva na kuiwasha kila alfajiri. Kwenye ripoti niliandika "matengenezo ya kawaida".

Shika hili tu: chenye maisha marefu kisikishike chenye maisha mafupi. Huduma yako ya barua pepe ikigusa databesi, au ikimjua mtu aliyeingia, ni Scoped. Kama ni kazi ya nyuma ya pazia uliyoisajili kwa AddHostedService, hiyo ni Singleton upende usipende, kwa hiyo iombee IServiceScopeFactory (kiwanda cha kutengeneza scope, yaani maisha mafupi ya muda), ita CreateScope kila mzunguko, chukua DbContext humo na uifunge scope ukimaliza. Halafu washa ValidateScopes, ukaguzi unaokamata kosa hili la Singleton kushika Scoped, hata kwenye seva ya mteja. Yenyewe hujiwasha kwenye mazingira ya Development tu, ndiyo maana huko kwingine unaona kimya ukadhani ni amani.

Kwenye picha uliyoweka, mstari wa tatu kutoka chini: ServiceLifetime.Singleton. Ufute leo, iache programu igome, kisha rudi hapa na jina la huduma inayolalamikiwa.